Mtoto Anaposhtuka Usingizini

Huku mkoa wa Pwani tunakoishi, kuna ugonjwa ambao wazee hawapendi kuutaja usiku: degedege. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba huletwa na shetani anayepita kwa sura ya ndege, na kwamba mtoto akipatwa na sindano ya hospitali katika hali hiyo hufa. Kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga, afukizwe kinyesi cha tembo, hospitali baadaye. Haya si mambo ya watu wa nje tu. Tunayajua hata sisi tunaokaa viti vya mbele kanisani.

Binti yetu wa kwanza alifariki kwa malaria iliyompanda kichwani, akiwa na miaka miwili. Tulimfikisha hospitali mapema, akahudumiwa vizuri, na Bwana akamtwaa. Basi alipozaliwa mdogo wake, tulikuwa tukilala kwa zamu ili mmoja wetu amtazame.

Siku ya kumi na mbili, saa kumi alfajiri, mkono wake wa kushoto uliruka. Ukaruka tena, kisha miguu yote miwili, mara tatu, mara nne, ikatulia, ikaanza upya. Macho alikuwa ameyafumba. Mwili haukuwa na joto. Bibi yake, aliyekuja kutusaidia kulea kwa zile siku arobaini, alisimama mlangoni akatazama, na neno alilolisema tulikuwa tumekwisha kulijua kabla hajalitamka.

Kulipoanza kupambazuka, majirani wa jumuiya yetu walikuwa wamefika. Walituombea, na tunawashukuru mpaka leo. Lakini baadhi yao walitaka tukae, tufunge, tumkemee pepo, wakatukumbusha habari ya Marko 9, ya yule mvulana aliyeangushwa chini akitokwa na povu. Tunaipenda sana habari hiyo, na ndiyo iliyotuinua tuondoke. Kwa maana Bwana Yesu, kabla ya kukemea lolote, alimuuliza kwanza baba wa mtoto hali hiyo ilianza lini. Aliuliza, akasikiliza jibu. Tukasema, “Mama, wapendwa, tunaenda kuulizwa.” Bibi akajifunga kanga akafuatana nasi.

Na kweli, katika kituo cha afya tabibu alianza na swali lilelile. Ilianza lini? Hutokea akiwa macho au akiwa amelala? Ananyonya? Alimpima joto, akampima sukari, akamkagua mwili mzima. Kisha akatuambia tungoje pale pale mpaka mtoto alale. Alipolala na mkono ukaruka, tabibu alimwamsha taratibu. Ukatulia papo hapo. Akamwacha alale tena, mkono ukaruka, akamwamsha, ukatulia. Akatuomba turekodi kwa simu ili daktari wa watoto naye aone, na yule daktari alikubaliana naye.

Tulielezwa kwamba mtoto mchanga hulala kama saa 16 kwa siku, na karibu nusu ya usingizi huo ni ule mwepesi, ambao macho, midomo na vidole huchezacheza. Watoto wengine hurusha mikono na miguu kwa nguvu zaidi, hata ukadhani ni kifafa. Madaktari wawili wa Marekani, Coulter na Allen, waliieleza hali hii mwaka 1982: huja usingizini tu, hukoma mtoto akiamka, haimdhuru, haihitaji dawa, na kwa wengi huisha kabla ya miezi sita. Kumtikisatikisa kunaweza hata kuizidisha. (Bibi, bingwa wa kubembeleza kwa kutikisa, aliangalia pembeni.)

Baadaye tulijifunza pia kwamba wapo watafiti, kama Mark Blumberg wa Chuo Kikuu cha Iowa, wanaoona kuwa mishtuko midogo ya usingizini ina kazi. Kiungo kinaruka, habari inarudi kwenye ubongo, na ubongo unajifunza kwamba huu ni mkono, na mkono huu ni wangu. Hapo tulikaa kimya. Zaburi ya 139 tumeisoma miaka mingi tukidhani kule kufumwa kunakosemwa humo huisha mtoto anapozaliwa. Kwetu sasa inaonekana Fundi haweki sindano chini siku ile. Mtoto akitabasamu usingizini tunasema anacheza na malaika. Mkono wake ukiruka tunasema ni shetani. Usingizi ni huohuo mmoja.

Tusieleweke vibaya. Degedege lipo, na linaua. Mtoto akishtuka huku yuko macho, au akikakamaa, akibadilika rangi, akigeuza macho, akikataa kunyonya, au akijikunja ghafla mara kwa mara kwa mfululizo, hasa anapoamka, huyo aende hospitali saa hiyohiyo. Mtoto mchanga mwenye homa vivyo hivyo. Na hata mishtuko ya usingizini isipimwe na jirani, mwonesheni mtaalamu. Maombi yanaweza kufanyika njiani, kwenye bodaboda. Sisi tuliomba hivyo.

Tulipokuwa tukiaga, Bibi alimuuliza tabibu jambo ambalo sisi hatukuthubutu. Je, yule wa kwanza naye, angeamshwa, lingekoma? Tabibu aliketi tena. Akamwambia, hapana mama, lile lilikuwa degedege lenyewe, la malaria, halikomi kwa kuamshwa, na kumkimbiza hospitali ndiko kulikokuwa kunatakiwa. Bibi akaitikia kwa kichwa. Miaka yote hiyo hakuwa ametaja jina la mjukuu wake. Siku ile, ndani ya daladala, alilitaja.

Usiku mkono uliporuka tena, hakuna aliyemwamsha mtoto. Bibi aliweka kidole chake karibu na ile ngumi ndogo, akasali Baba Yetu kwa sauti ya chini, akatuambia sote wawili tukalale.