Ile Kiswahili ya Nani?

Mama yangu alinisikia redioni kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Msomaji wa habari alikuwa ameshikwa na malaria, mkuu wa zamu akanisukumia karatasi, nami fundi wa mitambo nikasoma taarifa ya jioni tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nilirudi Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, nikitembea katikati ya njia. Mama alikuwa anasonga bukari. Hakugeuka.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo mama wa kwetu anavyomwita mwanawe akitaka kumsema kwa upole, "ile Kiswahili ya mu redio njo ya nani? Siye ba mama hatusikiake."

Nikamjibu kwamba ni Kiswahili bora.

"Bora kupita ya nani?" Akaendelea na mwiko wake.

Redio ya mkoa ilinipa kazi mwaka 1971 na nikastaafu 2004. Katika miaka hiyo 33 bango la mlangoni lilibadilika, wimbo wa taifa ukabadilika na kurudi, picha ya ukutani ikashushwa ikapandishwa nyingine. Swali la mama halikubadilika, na sikuwahi kumpa jibu lililomridhisha.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kililetwa na kazi. Baba yangu, Mluba wa Bukama, alikikuta kambini kwa kampuni ya migodi ya Union Minière, miongoni mwa watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Maniema na wa ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Hakuna aliyezaliwa nacho, kwa hiyo hakuna aliyemsahihisha mwenzake; kila mmoja alikipinda kidogo kikamtosha. Shuleni mapadre walitufundisha kingine, cha vitabuni. Kile cha kambini kilidharauliwa hata na waliokisema, ingawa mwaka 1965 watu waliokuwa maboi wa Wazungu walikitumia kuandika historia ya mji mzima, kijitabu chenye jina la André Yav. Lakini redioni? Redioni mtu alivaa tai, hata kama hakuna anayemwona.

Redio ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya buluu, mviringo kama sufuria. Waingereza wa ng'ambo walianza kuiuza mwaka 1949 kwa ajili ya Waafrika, na jirani yetu alirudi nayo kutoka Kitwe. Betri yake ilikuwa nzito kama tofali. Mwenyewe aliizima kila kipindi alichokitaka kilipokwisha, asimalize moto wake. Ilishika Lusaka kwa Kibemba, lugha ambayo nusu ya lupangu letu, yaani ua letu, iliielewa, na ilishika redio za hapa mjini. Usiku wa tarehe 11 Julai 1960 watu wazima waliizunguka wakimsikiliza Moïse Tshombe akitangaza kwa Kifaransa kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Nilikuwa na miaka 9. Nikamvuta jirani shati nijue kumetokea nini. Akatafsiri hotuba nzima kwa neno moja: "Tunaachana."

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Septemba, askari wa Umoja wa Mataifa walipoanza operesheni yao mjini, walikwenda kushika posta na redio. Tulilala chini ya kitanda siku kadhaa. Nilitoka pale na wazo la kitoto ambalo halijanitoka: kama watu wenye bunduki wanaipita benki wakikimbilia redio, basi mle ndani kuna kitu kikubwa kuliko pesa. Miaka 10 baadaye nilipoingia nikakuta mna joto, harufu ya vumbi lililoungua, na mzee mmoja anayekunywa chai.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha mtambo. Ulikuwa wa taa, zile za kioo, na haukupenda haraka. Unawasha nyuzi za taa kwanza, unangoja zipate moto, ndipo unatia umeme mkubwa. Ukiruka hatua umeua taa, na taa moja ilitoka Ulaya kwa meli. Kila alfajiri nilisimama mbele ya ile sindano inayoonyesha nguvu, nikingoja itulie, kisha nikainua kidole, na nyuma ya kioo mtangazaji akasema: hapa Lubumbashi, Sauti ya Zaire.

Zaire ilikuwa mpya wakati huo. Jina la nchi lilibadilishwa Oktoba 1971. Miezi michache baadaye majina yetu ya ubatizo nayo yakaondoka, na mwenzetu mmoja, baada ya taarifa ya asubuhi, akafika mahali pa kujitaja akanyamaza. Alikuwa amelisahau jina lake jipya. Nilimwekea gitaa la Jean-Bosco Mwenda, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwenda alituokoa mara nyingi. Laini ya Kinshasa ikikatika, Mwenda. Waziri akichelewa, Mwenda. Nadhani amepigwa hewani zaidi kwa sababu ya matatizo yetu kuliko kwa ajili ya sifa yake, naye alistahili zaidi.

Kosa langu kubwa la kwanza lilihusu saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Taarifa yao kuu ya saa mbili usiku sisi tulikuwa tukiipokea saa tatu. Wiki yangu ya tatu kazini nikaona saa ya ukutani imegonga mbili, nikakata mchezo wa kuigiza katikati, pale mume anagonga mlango na mgeni wa mke wake anatafuta pa kuingia, nikafungua laini ya Kinshasa. Ukaja mluzi. Nikadhani laini imeharibika, nikaanza kukagua waya mmoja mmoja. Kwa dakika 14 mkoa mzima ulisikiliza mluzi.

Kesho yake watu walijaa mlangoni. Hakuna aliyeuliza habari za taifa. Waliuliza: yule mume alimkuta?

Michezo ile ilikuwa kwa Kiswahili cha mama yangu. Kundi lililovuma kuliko yote ni la Mufwankolo, redioni na baadaye kwenye televisheni, na mji ulikuwa ukitulia lilipoanza. Ndani ya saa moja hiyo hiyo tulikuwa na redio mbili: taarifa ya habari iliyosema "wananchi wanahimizwa", na mchezo ambamo mtu alisema njaa ni njaa. Wakubwa waliichukulia michezo kuwa kitu cha kuchekea. Sisi mafundi tulijua watu wanawasha redio kwa ajili ya nini.

Michezo, na komunike.

Dirisha la komunike lilikuwa kando ya lango. Mtu amefiwa, anakuja na karatasi, analipa kwa hesabu ya maneno. Kwa hiyo kila mwenye kilio alikuwa mhariri hodari. Kwa muda mimi ndiye niliyekaa pale, na siku moja mama mmoja kutoka Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) alinipa maneno tisa. Nikaona "amekufa", nikalifuta, nikaandika "ameaga dunia". Akanitazama. "Unaniongezea makuta," akasema, "na bale ba ku Kasenga habatasikia." Alikuwa sahihi mara mbili. Moja lilikuwa limekuwa mawili, na mvuvi wa Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, angebaki akijiuliza marehemu alimuaga nani.

Tena kulikuwa na radi. Tulirusha kwa AM, mawimbi mafupi ya bendi ya mita 60, ambayo usiku huruka mbali na kuangukia vijiji visivyo na barabara. Lakini katika AM sauti hubebwa kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na radi nayo ni nguvu inayopanda na kushuka. Redio haiwezi kujua ipi ni ipi, inakupa zote. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi zilikula majina ya watu. Ndiyo maana komunike zilisomwa mara mbili, na jina la marehemu mara tatu. Watu wa mjini walidhani ni heshima.

Sasa niseme la kanda. Bobini moja kubwa, kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, hubeba saa moja na dakika chache. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, fedha za kigeni zikapotea na kanda mpya zikawa kama dawa za hospitali. Tukaanza kurekodi juu ya zilizotangulia. Kufuta kulikuwa kazi yangu. Unavua saa ya mkononi, unaitundika pamoja na koti mbali mlangoni, maana sumaku ya umeme ya kufutia huiharibu. Unaweka bobini juu ya sumaku, unaizungusha polepole, kisha unaiinua na kurudi nayo nyuma hatua mbili tatu kabla ya kuzima. Ukizima ikiwa karibu, kanda inabaki na mdundo, tu, tu, tu, kama mtu aliyefungiwa ndani. Nilikuwa fundi mzuri. Kanda zangu zilibaki kimya kabisa.

Kipi kifutwe, kipi kibaki? Hakuna aliyeniandikia orodha. Niliangalia maandishi ya kwenye boksi. Palipoandikwa hotuba, sikugusa. Ya nini nitafute kesi? Palipoandikwa mchezo, au mahojiano na wazee, au ngoma ya Kasenga, nilivua saa yangu. Mchezo haukuwa na mwenyewe wa kuja kuuulizia. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokaa na kundi la Mufwankolo mwaka 1986, akaandika maneno yao hadi kikohozi na kuyatoa katika kitabu mwaka 1990, nilifurahi kwa siku moja. Siku ya pili nilianza kuhesabu niliyofuta, nikaacha kuhesabu.

Na wale wanaoamini kwamba lugha ya nyumbani ni njema kwa sababu ni ya nyumbani, nina mwaka 1992 wa kuwapa. Siasa za vyama vingi zilikuwa zimeruhusiwa, mikutano ikajaa, na wanasiasa walikitupa Kiswahili bora wakashika kile cha mama yangu. Hatimaye hewani palisikika lugha ambayo kila mtu anaielewa. Neno lililorudiwa lilikuwa "bilulu", wadudu, na wadudu ni watu wa Kasai, waliozaliwa hapa, ambao babu zao walichimba shaba pamoja na babu zetu. Nilikuwa mezani pa sauti. Sauti ya msemaji ilikuwa chini kidogo, nikaipandisha. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kila siku. Katuba ilikuwa na Wakasai wengi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alifunga vyombo vyake mwaka 1993. Likasi watu walilala stesheni kwa majuma wakingoja treni. Jirani aliniachia redio yake nimtengenezee, atarudi kuichukua. Ninayo.

Aprili 1997 jeshi la Laurent-Désiré Kabila likaingia mjini, na tarehe 17 Mei alijitangaza rais akiwa hapa Lubumbashi. Zaire ikaisha. Kijana mmoja mwenye bunduki alitaka kuona maktaba ya kanda. Nikamfungulia. Rafu kwa rafu, boksi kwa boksi: hotuba. Nilikuwa nimeitunzia nchi isiyokuwepo tena kila neno la kiongozi wake, nikafuta wengine wote. Akauliza kama kuna muziki. Nikampa Mwenda.

Baada ya hapo ni FM. Sheria ya vyombo vya habari ya Juni 1996 ilikuwa imefungua njia, redio za makanisa na za wafanyabiashara zikaota mjini kama uyoga, na mwaka 2002 ikaja Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa, yenye Kiswahili miongoni mwa lugha zake tano. Sauti safi, bila radi. Watangazaji vijana wanaongea Kiswahili chetu waziwazi, na Kifaransa kikiingia na kutoka kama paka, na wasikilizaji wanapiga simu kubishana nao. Mama angecheka. Ila wimbi la FM hutembea kama jicho, likikuta kilima limekwisha, na mtambo mmoja wa mjini hauwezi kumwambia mtu wa Kasenga kwamba dada yake amefariki. Siku hizi wanapeana habari kwa simu, kama kuna mnara. Pasipo na mnara wanajua baada ya mazishi.

Nimeruka jambo moja. Mama alifariki Februari 1989. Niliketi mwenyewe kwenye dirisha la komunike, upande wa walipaji, nikaandika: "Mama yetu anakufa leo asubuhi. Bale ba ku Bukama bakuye. Hatutamuzika bila ninyi." Na jina lake. Msomaji wa zamu, kijana aliyetoka chuoni, aliisoma, akachukua kalamu, akaanza na "anakufa". Nikamshika mkono. Nikamwomba asome kama ilivyo, na mimi nikaenda kukaa kwenye mtambo, kuitazama sindano.

Wajomba walifika kwa treni siku ya tatu, na kapu la samaki wakavu. Yule mkubwa alilia, akanawa uso, akaomba maji ya kunywa, ndipo akaniita pembeni.

"Tunasikia muzuri," akasema. "Ila ule mwenye kusoma, jina ya dada yangu anaisoma mara tatu. Anawaza siye hatuna masikio?"

Jioni ile hakukuwa na radi.