Vidole Vitatu Katika Mikoko ya Selangor

Tulipokuwa tukifunga mizigo kwenda Malaysia kumzuru binti yetu anayesoma huko, mdogo wake alikuwa amelala kwa bibi yake, mguu umefungwa plasta. Kijana huyu ana daftari la ndege, na kigong'ota wa Mombasa yumo katika ukurasa wa kwanza. Alitukabidhi daftari lile kama amana, akasema: "Niandikieni kigong'ota mmoja wa huko. Lakini msiniandikie wa kubahatisha."

Siku ya tatu tulifika Kuala Selangor, pwani ya magharibi. Chini ya kilima cha Melawati ipo hifadhi ya mikoko, na tulipoingia tulidhani tumerudi Gazi: harufu ile ile ya tope, kaa wakikimbilia mashimo yao, na mchu, ambao Wamalay huuita api-api, ukiwa umesimamisha mizizi yake ya hewa kama kalamu.

Haukupita muda tukasikia gogo likigongwa. Ndege akatokeza: kishungi chekundu, mgongo wa rangi ya dhahabu. Mara akaruka, akapotelea majanini. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kushika kalamu, binti akamzuia.

"Baba, subiri. Hapa wapo wawili wanaofanana."

Akatufafanulia. Wa kwanza, Dinopium javanense, ana kisogo cheusi, mstari mmoja mweusi chini ya shavu, na vidole vitatu kila mguu. Wa pili, Chrysocolaptes guttacristatus, ni mkubwa zaidi, mdomo wake mrefu, kisogo chake cheupe, mstari wa shavuni umegawanyika mara mbili, na vidole vyake ni vinne. Wote wawili wana mgongo wa dhahabu na kiuno chekundu. Na madume wao wote wana kishungi chekundu. Sisi tulikuwa tumeona yale yanayowafananisha tu.

Tukakaa kimya. Jua lilipanda, mbu wakatushughulikia, na kalamu ikabaki mfukoni. Tulikiri nafsini kwamba kumwandikia mtoto jina lolote kungekuwa rahisi. Naye, kitandani alipo, asingeweza kutusuta.

Karibu na adhuhuri akatua ndege mwingine kwenye shina la mchu, amegeuza mgongo. Kisogo cheusi. Akageuza kichwa: mstari mmoja. Tukamkazia darubini miguuni, tukahesabu kwa zamu: viwili mbele, kimoja nyuma. Tukahesabu tena, ndipo tukaandika.

Yule wa asubuhi naye tulimwandika, kwenye mstari wake: "Kigong'ota wa mgongo wa dhahabu, hakutambulika."

Tuliporudi nyumbani, kijana alisoma mistari yote miwili polepole. Kisha akakiwekea kidole kile cha pili, akauliza: "Huyu aliruka kuelekea wapi?"