Barua kutoka Boston: Mfamasia wa Watoto Akae Wodini



Leo nawaandikia juu ya mtaalamu ambaye hospitali zetu nyingi humweka nyuma ya dirisha la dawa: mfamasia. Huku Marekani, mwenye shahada ya famasia anayetaka kubobea katika kuhudumia watoto hospitalini huongeza miaka miwili ya mafunzo kazini. Mwaka wa kwanza huzunguka wodi za aina mbalimbali. Wa pili ni wa watoto peke yao, kuanzia njiti hadi wenye saratani. Hupita wodini pamoja na madaktari, hukokotoa dozi, hufuatilia vipimo vya figo, na maamuzi yake hukaguliwa na mfamasia mzoefu. Tangu 2015 kuna pia mtihani wa ubingwa wa famasia ya watoto. Naamini ngazi hii tunaihitaji nyumbani Tanzania, na tuianzie katika wodi za watoto wachanga.

Sababu imo ndani ya kichupa. Chukueni gentamicin, dawa ya kawaida ya maambukizi kwa wachanga. Kichupa kinachotumika sana kina miligramu 80 katika mililita 2. Njiti wa kilo 2, katika wiki yake ya kwanza, hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 6, ambazo ni mililita 0.15 tu. Muuguzi ambaye kwa kukosea angempa mtu mzima dozi mara kumi angelazimika kufungua vichupa kumi au zaidi, na kabla ya kuvimaliza angeshtuka. Kwa njiti, dozi mara kumi na tatu imo yote katika kichupa kimoja, wala hakuna cha kumshtua mtu. Mwaka 2006, mjini Indianapolis, wachanga watatu walifariki baada ya kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya yuniti 10,000 kwa mililita badala ya yuniti 10. Na hata hesabu ikiwa sahihi, bado mwili wenyewe una masharti yake: tangu 1959 inajulikana kuwa antibiotiki ya kloramfenikoli inaweza kumuua mchanga kwa sababu ini lake halijakomaa kuivunja.

Ushahidi mzuri ulipatikana katika jiji hili hili la Boston. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulichunguza maagizo 10,778 ya dawa kwa watoto waliolazwa, ukakuta makosa 616. Yale yenye uwezo wa kudhuru yalikuwa mara tatu ya yanayotokea kwa watu wazima, na yalizidi kwa wachanga walio katika uangalizi maalumu. Madaktari walioyapitia walikadiria kuwa mfamasia aliyepo wodini angeweza kuzuia asilimia 94 ya hayo ya hatari. Utafiti wa 2008 ulilijaribu jambo lenyewe: mfamasia alipokaa muda wote katika uangalizi maalumu wa watoto, makosa mazito yalishuka kutoka 29 hadi 6 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Katika wodi za kawaida, ambako mfamasia alikuwepo kwa sehemu ya muda tu, hayakupungua. Kwa hiyo wachache tulio nao tuwaweke penye hatari kubwa, tusiwatawanye.

Mtu atauliza: kama kinachosaidia ni kuwepo wodini, mafunzo marefu ni ya nini? Ni kwa sababu mfamasia asiyejua figo ya njiti hawezi kusimama mbele ya daktari bingwa na kumwambia kwa heshima kuwa dozi ile ipunguzwe. Mwingine atasema kompyuta inatosha. Kweli, inakamata makosa mengi ya maandishi, lakini haipo pale dawa inapochanganywa na kuvutwa kwenye bomba la sindano. Wapo pia watakaokumbusha kuwa vyuo vikuu vya Muhimbili na Nairobi tayari vinafundisha uzamili wa famasia ya kliniki. Huo ni msingi mzuri, ila ni wa wagonjwa wa rika zote. Mtoto anastahili ubobezi wake, kama anavyostahili daktari wake.

Hoja nzito ni fedha na uhaba wa watu. Lakini anayejifunza kazini hatoki kazini: kila siku ya mafunzo yake wodi inapata mikono na macho zaidi. Tusichoiga Marekani ni malipo, kwani huku mfamasia aliye mafunzoni hulipwa kidogo mno kuliko mwenzake aliyeajiriwa. Kwetu, ambako mshahara wa mmoja hutegemewa na ukoo mzima, mpango wa namna hiyo ungewabakiza wenye uwezo tu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa Tanzania hupoteza wachanga 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Si wote wanaouawa na makosa ya dawa, lakini wengi wa wanaougua hutibiwa kwa vichupa hivi. Naziomba wizara na vyuo vyetu: chagueni wodi moja ya njiti katika hospitali ya rufaa, muweke humo mfamasia mmoja wa kufundisha na wawili wa kujifunza, muwalipe mshahara kamili, kisha muhesabu makosa kabla na baada. Tuanzie hapo.