Siku ya kupimwa iliangukia kilio

Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, kuna baba mmoja mzaliwa wa Uvira aliyetumika katika jeshi la nchi hiyo. Magoti yake yaliharibikia jeshini, kwa mizigo ya mgongoni na mbio za kila asubuhi. Serikali ilishakubali hivyo, ikampa asilimia 10 ya ulemavu. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi. Ni kidogo kwa mtu asiyeweza tena kusimama kazini siku nzima, na Uvira kuna wanaongoja atume.

Akaomba aongezewe. Mtu akiomba hivyo, wizara ya maveterani humtuma apimwe, mara nyingi kwa daktari wa kampuni binafsi. Daktari huyo hatibu. Anaangalia goti linakunjika kiasi gani, anauliza maumivu, anaandika ripoti. Watu wengi hukidharau kipimo hicho juu ya ufupi wake, kumbe faili yote inaweza kukisimamia.

Tarehe aliijua. Siku mbili mbele yake, simu ikalia kutoka Uvira: mama yake amefariki. Nyumba ikajaa watu, wakaimba, wakachanga. Nani angeinuka katikati ya kilio aseme anaenda kuonyesha goti? Hakwenda. Hakupiga simu pia, na namba za kigeni zilipolia hakuitika. Aliona haya, aliwaza Wamarekani hawatajua kilio ni nini.

Lakini kanuni yao, kifungu 3.655, inataja kifo cha mtu wa karibu wa familia waziwazi, pamoja na ugonjwa na kulazwa hospitali, kuwa sababu nzuri ya kutofika. Shida ni kwamba sababu lazima isemwe. Anayeomba fidia kwa mara ya kwanza asipofika bila sababu, huamuliwa kwa karatasi zilizo katika faili. Anayeomba nyongeza, kama baba huyu, hukataliwa.

Barua ya kukataliwa ilikaa wiki tatu chini ya Biblia. Bibi yake ndiye aliyeitoa, akamwonyesha askari wa zamani aliyekuja kusalimia.

«Mdogo wangu, ulinyamaza juu ya nini?»

«Mukubwa, nilikuwa na kilio.»

«Basi si ungeandika hivyo!»

Mukubwa alimweleza kwamba ana mwaka mmoja, tangu tarehe ya barua, wa kurudisha ombi na ushahidi mpya bila kupoteza tarehe ya ombi la kwanza. Akampeleka kwenye chama cha maveterani ambako wasaidizi hawaombi hata dola moja. Ndugu zake wakatafuta cheti cha kifo kwenye komine. Kilikuwa cha Kifaransa, kikatafsiriwa. Daktari wake wa kawaida akaandika hali ya magoti ilivyo sasa.

Karatasi zimeondoka. Anangoja tarehe nyingine, na simu yake sasa inalala karibu na kichwa.