Jina la Mwenye Wimbo

Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Shawn Fanning, ambaye hata umri wa miaka ishirini alikuwa hajautimiza, alitengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa Napster. Programu hiyo yenyewe haikuhifadhi wimbo hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuweka orodha tu: fulani anao wimbo fulani ndani ya kompyuta yake, anayeutaka na aunganishwe naye, auchukue. Mwenye kutoa hakupungukiwa na kitu, maana kilichokwenda kwa mwenzake kilikuwa ni nakala, na yule aliyepokea naye papo hapo akawa mtoaji kwa wengine. Mamilioni ya watu wakaingia katika mchezo huo. Makampuni ya santuri yakaishtaki Napster Desemba mwaka ule ule, bendi ya Metallica ikafuata mwaka 2000, na ilipofika Julai 2001 mlango ukafungwa baada ya amri ya mahakama. Wakati huo, hata hivyo, programu nyingine za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuenea.

Kelele za kesi zile zimepoa, lakini hoja zake zimebaki, nazo zimetufikia hata sisi huku. Upande mmoja husema kwamba kunakili wimbo bila kulipa ni wizi, sawasawa na kumtoa mbuzi wa mtu zizini. Upande wa pili hujibu kwamba mbuzi akiibwa zizi hubaki tupu, hali wimbo ukinakiliwa hubaki pale pale ulipokuwa. Tena sanaa, husema, ni ya binadamu wote. Sisi tunaofundisha twazisikia hoja hizi kutoka vinywani mwa wanafunzi, wakizitetea kwa ufasaha kuliko mawakili. Tunakiri kwamba hoja ya mbuzi ni nzuri. Ila kabla ya kumjibu mwenye hoja hiyo, twapenda kumwuliza: wimbo huo uliouchukua ni wa nani?

Swali hili halikuwa gumu kwa wazee wetu. Katika ngoma zetu wimbo haukufungiwa sandukuni. Manju akitunga leo, keshokutwa vijana wa kijiji cha pili wanaucheza, wala hakuna aliyewazuia. Bali manju mwenyewe aliona fahari kusikia kwamba wimbo wake umevuka mto. Lakini wimbo ulivuka mto pamoja na jina. Usukumani, ambako Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma tangu zamani, hata majina ya vyama vyenyewe yanarudi kwa waasisi wake, Ngika na Gumha. Huku pwani malenga walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, ili anayeghani shairi asiweze kulimaliza bila kumtaja aliyelitunga. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, hakuacha kuliweka jina lake na mahali alikozaliwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa midomoni mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya kukusanywa, na yalipofika kitabuni yalifika yakiwa bado ni ya Muyaka. Huku ni kunakili kwa midomo, tena kwa miaka mingi, bila karatasi wala mtambo. Na jina halikudondoka njiani.

Na malipo nayo yalikuwapo, ijapokuwa hayakuitwa hivyo. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka, husogea mbele kwa mwendo wa muziki, akamtuza mwimbaji mbele ya macho ya watu wote. Mwenye kualika ngoma naye alijua kwamba wachezaji lazima wale na wanywe. Tusiyapambe mno mambo ya kale, hata hivyo. Manju alikuwa na shamba lake na mifugo yake. Ngoma haikuwa ndiyo inayomlisha mwaka mzima. Mpiga gitaa wa mjini, ambaye gitaa ndilo shamba lake, hawezi kuishi kwa kutuzwa mara moja moja.

Mambo yalianza kubadilika siku sauti ilipotengana na mwili. Siti binti Saadi alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, sauti yake iliwekwa kwenye sahani, na tangu hapo mtu wa Lamu au wa Tanga aliweza kumsikiliza Siti hali Siti mwenyewe yuko Unguja. Mkono uliozoea kutuza haukuwa tena na mtu wa kumfikia. Badala yake kukawa na muuza sahani dukani na kampuni nyuma yake, na ikabidi iwepo karatasi ya kusema nani apate nini. Karatasi hiyo ndiyo hakimiliki.

Baada ya Uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi za kila mkoa, na hazina kubwa ya muziki wa taifa ikajengeka humo. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Sahani zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa, njia hiyo nayo ikaziba. Basi kaseti ikatawala. Tuliokuwa vijana wakati ule twakumbuka tulivyokaa mbele ya redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodia, tukiomba mtangazaji asije akasema neno kabla gitaa halijamaliza. Mtangazaji alikuwa akitaja bendi na jina la wimbo, nasi tukayaandika kwa kalamu katika kile kikaratasi cha ndani ya kasha. Baadaye maduka ya mjini yalianza kunakili kaseti kwa mafungu na kuziuza, na mwanamuziki aliweza kupita mbele ya duka akajisikia mwenyewe akiimba, asipate hata senti ya nauli. Haki inatutaka tuseme pia kwamba nakala hizo zisizo na ruhusa zimeokoa mengi. Nyimbo kadhaa za miaka ile zasikika leo katika intaneti kwa sababu tu kuna mtu aliyeitunza kaseti yake chini ya kitanda, akaja kuipakia.

Hata hivyo, tusidhani kwamba aliyemnyima mtunzi haki yake ni mnakilishaji wa dukani peke yake, au kijana mwenye kompyuta. Habari za Solomon Linda wa Afrika Kusini zatosha kutuonyesha kwamba mtu aweza kunyang'anywa wimbo kwa njia ya karatasi zenye sahihi. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi wimbo wa Kizulu uitwao Mbube, yaani simba. Haki zake zikawa za kampuni, na yasemekana kwamba yeye alipata shilingi kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waimbaji wa Marekani, The Weavers, wakaurekodi kwa jina la Wimoweh, na mahali pa mtunzi pakaandikwa Paul Campbell. Huyo Paul Campbell hakuwapo duniani; lilikuwa ni jina la kubuni ambalo waimbaji wale walilitumia wenyewe. Mwaka 1961 wimbo ukavishwa maneno ya Kiingereza na kundi la The Tokens likaupeleka dunia nzima. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukasikika katika filamu ya The Lion King, na watoto wa nchi zote wakaujua, isipokuwa jina la aliyeutunga.

Warithi wake walikuja kuishtaki Disney mwaka 2004, wakitegemea kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 kilichosema kwamba haki alizoziuza mtunzi hurudi kwa warithi baada ya miaka 25 tangu kufa kwake. Shauri likaisha kwa mapatano mwaka 2006. Katika mlolongo wote huu hakuna mwanafunzi aliyenakili wimbo usiku kwa siri. Walikuwapo wachapishaji, mawakili na mikataba. Kwa hiyo makampuni makubwa yanapolia wizi, sisi twasikiliza, lakini twasikiliza tukiwa na kumbukumbu.

Wimbo wetu wa Malaika nao una mkasa wake. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema katika miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaupeleka Marekani katika sahani yao ya mwaka 1965. Boney M wakauimba mwaka 1981. Walitokea wengine, miongoni mwao Adam Salim, waliodai kwamba utungo ni wao. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi bado haujakatika. Huenda wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko zote duniani ndio huo, na sisi wenye lugha hatuwezi kusema kwa kauli moja ulitoka kwa nani.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya faili. Siku moja tuliwaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu walete kila mmoja wimbo wa bendi za zamani ili tujadili lugha yake. Walileta nyimbo nzuri, katika simu na katika flashi, nyingi zikiwa zimeingizwa na vijana wenye vibanda vya kompyuta ambao hutoza fedha kidogo na kumjazia mtu nyimbo mia kwa dakika chache. Mmoja alitusikilizisha wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, akasema anapenda jinsi gitaa linavyozungumza. Tulipomwuliza mwimbaji ni nani, alitazama kioo cha simu yake, ambapo faili lilikuwa limeandikwa Zilipendwa 07, akajibu kwa adabu zote: "Ni Zilipendwa, Mwalimu." Darasa halikucheka, kwa kuwa wengi wao walidhani hivyo hivyo. Mtoto huyu hana hatia yoyote. Alipewa wimbo uliokwisha kung'olewa jina na mtu asiyejali, kama vile mzigo unavyobanduliwa anuani, na sasa hata akitaka kumlipa mwenyewe hajui amtafute wapi.

Twaona, basi, kwamba rafiki na mchuuzi wasihukumiwe kwa kosa moja. Anayempa mwenzake wimbo kwa mapenzi afanya lile lile walilofanya wacheza ngoma wa kijiji cha pili, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yenyewe inatambua kwamba mtu aweza kuwa na nakala kwa matumizi yake binafsi. Wajibu wake ni mwepisi: asilitenge jina na wimbo. Sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, mbali na haki ya fedha, na twasikitika kwamba katika mijadala yetu haki hiyo ya kwanza haitajwi sana. Mwenye kibanda ni jambo jingine. Yeye analipa umeme, analipa pango la chumba, ananunua kompyuta. Mtu pekee asiyelipwa katika hesabu yake ni yule ambaye bila yeye kibanda kisingekuwa na cha kuuza. Huo kwa lugha yetu ya siku zote ni unyonyaji.

Kumkimbiza kila kijana kwa polisi hakutafaa. Makampuni ya Marekani yalijaribu kuwashtaki wasikilizaji wao mmoja mmoja tangu mwaka 2003, maelfu kwa maelfu, yakaacha yenyewe baada ya miaka mitano hivi. Wajerumani walipata wazo la busara zaidi zamani, mwaka 1965, mashine za kurekodia zilipoanza kuingia majumbani: waliona kwamba huwezi kuweka askari sebuleni kwa kila mtu, wakatoza kiasi kidogo juu ya mashine yenyewe ili fedha zigawiwe watunzi. Siku hizi wengi hawapakui tena, husikiliza moja kwa moja kwa ada ya mwezi au kwa kuvumilia matangazo ya biashara. Njia hiyo yawafaa wenye wasikilizaji mamilioni. Wazee wa dansi huambulia kidogo sana, na ikiwa jina limeandikwa vibaya hawaambulii kitu. Vyovyote iwavyo, fedha hazimfiki mtu asiyejulikana. COSOTA, ambayo iliundwa kwa sheria ile ya mwaka 1999 na sasa ni Ofisi ya Hakimiliki, haiwezi kumgawia Zilipendwa 07.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944. Alipata sifa akiwa na Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Kwa hesabu ya sheria ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tungo zake, ikiwa hakuziuza, ni mali ya warithi wake hadi mwaka 2029, na kila kibanda kinachouza nakala zake leo kinafanya biashara juu ya mali hiyo.