Mgonjwa apewe pole, asipewe kazi

Wagonjwa wengi wanaoshindikana Malinyi hupelekwa Ifakara kwa njia ya Lupiro. Tulipokwenda huko kumtazama ndugu yetu aliyelazwa, simu yake iliita mara tatu. Mkuu wake wa kazi alianza kwa pole, akamalizia kwa kuuliza hesabu za ghala la mpunga. Mgonjwa, dripu ikiwa mkononi, alijibu yote, alichelea kufukuzwa.

Ndugu Waislamu, kumjulia hali mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini pole inayofuatwa na agizo la kazi haiwi tena kujuliana hali. Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga Ramadhani, alipe siku nyingine (al-Baqara, 184). Ikiwa funga yenyewe humsubiri apone, hesabu za ghala nazo zisubiri.

Sheria ya nchi pia imemlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, kwa cheti cha daktari: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo si hisani ya mwajiri.

Nasi wa kamati za misikiti tuna maimamu na walimu wa madrasa tunaowatumikisha. Kila ufunguo na kila daftari viwe na mtu wa pili anayevijua. Mwalimu akiugua, tumpigie kumwombea shifaa, kisha tumwache apumzike.