Guangzhou Siyo Mzigo Peke Yake

Ukitaja Guangzhou pale Kariakoo, mtu hakuulizi habari za mji. Anakuuliza kontena lako lilipakiwa lini, na kilo ya mzigo wa ndege siku hizi imefika bei gani. Tangu maonesho makubwa ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, yaanze mwaka 1957, mji huu umekuwa duka la dunia, na wengi wetu tunaoufikia kutoka Afrika Mashariki tunaujua kwa vituo vitatu tu: uwanja wa ndege, hoteli ya mtaa wa Xiaobei na magodauni. Mtu anakaa wiki moja, ananunua, anafunga mzigo, anarudi nyumbani miguu imevimba. Ukimuuliza Uchina kukoje, atakutajia bei za jumla.

Sisi tulikuja kuishi. Baba watoto ni wakala wa mizigo. Mimi na watoto tulimfuata kutoka Tanga, na maisha ya hapa yametufundisha jambo ambalo mnunuzi wa wiki moja hulipita bila kuliona: Guangzhou ni mji mtamu wa kulelea watoto, na nchi iliyouzunguka ni nchi ya kutembea.

Karatasi zina haraka kuliko mizigo. Mgeni asiyelala hotelini anatakiwa kujiandikisha kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Ukishamaliza hilo, mtaa unakupokea, na wenye mtaa ni wazee. Tunaishi kwenye nyumba za ghorofa zilizozungushiwa ukuta, zenye geti, mlinzi na bustani katikati. Kabla jua halijapanda, bustani hiyo imeshajaa babu na bibi: huyu ananyoosha viungo, yule anajipigapiga mikono damu itembee, mwingine anatembea kinyumenyume kwa utaratibu kabisa. Wengi wao ndio wanaolea wajukuu wakati wazazi wako kazini, kwa hiyo wanangu walipata bibi wa kuwakemea hata kabla hawajapata marafiki. Kikantoni walichonacho wamekiokota kwenye bembea za bustani hiyo. Mtoto akikohoa mara moja, dawa ya kwanza ya jirani ni maji ya moto, na ya pili ni maji ya moto. Kila mtu hapa anatembea na chupa yake ya chai, na maji ya baridi wanaona ni kujitafutia ugonjwa.

Shule nazo zina mambo yake. Kwenye chekechea kuna vitanda vidogo, na baada ya chakula cha mchana watoto wote hulala, hata yule anayeapa kwamba hana usingizi. Msingi kuna mazoezi ya macho: muziki unatoka kwenye spika, sauti inahesabu, na darasa zima linafumba macho na kujisugua taratibu kuzunguka nyusi na pembeni mwa pua. Nchi hii ina watoto wengi wenye miwani, na walimu wanalichukulia zoezi hilo kwa uzito wa somo.

Sokoni ndiko ninakojisikia nyumbani. Samaki anauzwa akiwa hai, anachaguliwa ndani ya beseni, na mama muuzaji hana subira na mteja anayesitasita. Kuna bamia, kuna karela, kuna mchicha, ule wenye madoa mekundu unaotoa mchuzi wa rangi ya zambarau. Mwezi wa Juni zinaingia litchi za hapahapa Guangdong, zikiwa bado na matawi yake, na familia nzima inakula hadi vidole vinanata. Unga wa sembe tunaufuata Xiaobei, kwenye maduka ya Waafrika. Pesa taslimu zimekuwa kitu cha kushangaza: hata mzee anayechoma viazi vitamu kwenye pipa la mkokoteni ametundika kibao cha kulipia kwa simu. Kwa mtu aliyezoea M-Pesa hilo halimshangazi sana. Kinachomsumbua ni kwamba WhatsApp hapa haifunguki hivihivi, na ndiyo maana mama yangu kule Tanga siku hizi ana WeChat.

Jioni mji hubadilika. Joto likipungua, akina mama wa makamo wanaweka spika penye uwanja wowote wa wazi na kucheza kwa mistari, wakigeuka pamoja, wakipiga makofi pamoja. Binti yangu hujipenyeza mstari wa nyuma na hakuna anayemfukuza. Sisi wengine hushuka hadi Mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, tukapanda kivuko cha kawaida cha abiria badala ya meli ya watalii. Nauli ni ndogo, upepo ni uleule, na mnara wa Canton wenye mita 600 unawaka rangi mbele yako, kiuno chake chembamba kikijipinda. Saa nne usiku bado kuna watoto barabarani, na mwanamke anatembea peke yake na mkoba wake begani. Kwa mzazi, hilo lina thamani kuliko maghorofa yote.

Ijumaa ina ladha yake. Guangzhou kuna msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa mikongwe kabisa nchini Uchina, wenye mnara mweupe wa mita 36 ambao zamani uliongoza meli zilizokuwa zikipanda mto. Lakini umati mkubwa wa Ijumaa huelekea upande wa bustani ya Yuexiu, kwenye kaburi ambalo Waislamu wa Kichina husimulia kuwa ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana shaka na simulizi hiyo, waumini hawana. Hapo utamkuta Mhausa, Myemeni, Mpakistani, Msomali na Mchina wa kabila la Hui wamepanga safu moja.

Baada ya swala tunakwenda kula tambi kwa Wahui, ambao wengi wao wametoka mkoa wa Qinghai, mbali kaskazini magharibi. Watoto hawakai mezani. Wanasimama kwenye kioo cha jikoni kumtazama mpishi. Anachukua donge la unga, analivuta kwa mikono miwili hadi linafika upana wa kifua, analikunja, analivuta tena. Kila akikunja, nyuzi zinaongezeka maradufu: 2, 4, 8, 16. Akikunja mara saba ana nyuzi 128 mkononi, nyembamba, na hakuna iliyokatika. Anazipigiza mezani, unga unatimka, anazitupa kwenye maji yanayochemka. Bakuli linapofika lina supu safi ya ng'ombe, vipande vyembamba vya figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili na kotimiri juu. Bei yake haimshindi mtu.

Nisisifu bila kusema yanayochosha. Kati ya Februari na Aprili hewa ya joto yenye unyevu hutoka Bahari ya Kusini ya Uchina, ikakuta kuta na sakafu bado zina baridi, na nyumba nzima inatoka jasho. Kioo kinalia, sakafu inateleza, nguo hazikauki, na zile za kabatini zinaota ukungu. Wenyeji hufunga madirisha na kuwasha mashine ya kukausha hewa. Mgeni hufungua madirisha apate upepo, na hapo ndipo anaharibu. Kuna pia kuombwa picha. Nywele za wanangu zimeshashikwa na watu wengi mno. Tumewafundisha kusema hapana kwa Kichina, kwa adabu, na wanaambiwa samahani.

Sikukuu ndizo zinazotutoa nyumbani. Mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari na ushee, huanza hapa kwa maua. Siku chache kabla ya mkesha, mitaa kadhaa hufungwa magari na kugeuzwa soko la maua: matawi ya mipichi, okidi, na michungwa midogo ya kwenye chungu iliyojaa matunda ya rangi ya dhahabu. Watu wananunua na kubeba begani, bibi yuko mbele, baba nyuma na mti. Wenye ndoa huwapa watoto na wasiooa bahasha nyekundu zenye pesa, na Guangdong si lazima pesa iwe nyingi. Baraka ndiyo inayohesabiwa. Mlinzi wa geti naye hupewa. Kisha mji unakuwa mtupu. Wafanyakazi wamerudi mikoani kwao, magodauni yamefungwa, na mfanyabiashara anayekuja wiki hizo bila kuuliza atakaa hotelini akitazama dari.

Likizo tamu kuliko zote kwetu ni ile ya Yangshuo, upande wa Guilin. Kutoka kituo cha Guangzhou Kusini unapanda treni ya kasi ya njia iliyofunguliwa mwisho wa 2014, na kwa chini ya saa tatu, mahandaki yakifuatana, unatokea kwenye ulimwengu mwingine. Milima ya mawe ya chokaa imesimama wimawima mashambani, mmojammoja, kama mafiga yaliyoachwa na jitu lililosahau kurudi kupika. Mtu wa Tanga aliyeingia mapango ya Amboni ataelewa kazi iliyofanyika: ni mvua na chokaa na miaka mingi, ila hapa maji yamekula hadi yakabakisha nguzo.

Mji mdogo wa Xingping uko ukingoni mwa Mto Li, na mandhari yake ndiyo iliyochorwa nyuma ya noti ya yuan 20. Ukifika utawaona watu wamesimama kwenye mawe ya ufukweni, kila mmoja ameinua noti usawa wa jicho akitafuta mlima ulingane na mlima. Wanangu waligombania noti hadi ikakaribia kuchanika. Vyombo vya mto huo wanaviita vya mianzi, lakini vingi sasa ni mabomba ya plastiki yenye injini. Ukitaka mianzi ya kweli, nenda kijito cha Yulong. Huko mpiga pondo anasimama nyuma, anasukuma kimyakimya, na penye vizuizi vidogo vya maji chombo kinashuka ghafla, maji yanapanda hadi magotini, watoto wanapiga kelele za furaha. Baada ya hapo tunakodi baiskeli, tunapita kati ya mashamba ya mpunga na miti ya mabalungi, tukisimama popote panapouzwa kinywaji. Vuli, miti ya osmanthus iliyoipa Guilin jina lake huchanua, na harufu inakufuata hadi chumbani.

Mtoto wa pwani, hata hivyo, asikose Quanzhou, katika mkoa wa Fujian. Hii ndiyo bandari waliyoiita Zaitun mabaharia wa Kiarabu. Msafiri Ibn Battuta, aliyetua Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia baadaye kwamba alifika hapa akakuta bandari iliyojaa majahazi makubwa. Msikiti wa Qingjing, ulioanzishwa mwaka 1009, bado una lango lake refu la mawe na maandishi ya Kiarabu, ingawa ukumbi wa zamani hauna paa. Kwenye viwanja vya hekalu la Kaiyuan kuna merikebu ya enzi za utawala wa Song iliyofukuliwa kwenye matope ya ghuba mwaka 1974, ikiwa na vyumba 13 vya shehena. Ndani yake walikuta pilipili manga, ubani, ambari na magamba ya kasa. Nilisoma orodha hiyo mara mbili, kwa sababu ambari na magamba ya kasa ni bidhaa ambazo pwani yetu iliuza karne kwa karne.

Nje kidogo ya mji, kwenye makaburi ya Lingshan, lipo jiwe linaloeleza kwamba mwaka 1417 amiri jeshi Zheng He alipita hapo kuomba heri kabla ya safari yake ya tano, ile inayoaminiwa kufika Malindi. Miaka miwili kabla ya hapo, twiga kutoka Malindi alikuwa ameshafikishwa mbele ya mfalme Yongle. Mwanangu wa kiume akauliza kama twiga aliugua bahari. Sikuwa na jibu, lakini nilifurahi kwamba ameuliza. UNESCO iliiingiza Quanzhou katika urithi wa dunia mwaka 2021, na bado wageni wenye sura kama zetu ni wachache pale kuliko tunavyostahili kuwa.

Anayetaka kutembea ajue mambo machache. Epuka wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba, maana wakati huo taifa zima liko njiani. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na mgeni hununua kwa pasipoti yake. Sajili malipo ya simu kabla hujatoka nyumbani, maana siku hizi kadi za benki za nje zinakubalika. Beba jina la hoteli yako limeandikwa kwa Kichina. Chakula cha halali mara nyingi utakitambua kwa kibao cha kijani, na hakuna mji mkubwa usiokuwa nacho.

Mfanyabiashara mwenzetu, nauli ya ndege umeshailipa, na mzigo wako utakaa baharini mwezi na zaidi hata ukirudi leo. Ongeza siku mbili. Mlete mama watoto, au mlete baba watoto, mpande treni moja tu ya asubuhi. Uchina uliouona godauni ni robo yake, na robo tatu iliyobaki haiuzwi kwa jumla.